Malezi ya Mbwa Msasi

Mbwa msasi wa pwani ya Tanga ni mbwa wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi, kifua kilichoshuka, kiuno chembamba na masikio yaliyosimama. Mara nyingi ana rangi ya hudhurungi, na akilala chini ya mwembe ni shida kumtofautisha na mbwa koko wa jalalani. Kwa damu hawatofautiani sana. Tofauti yao imo katika malezi: mmoja alipata mtu wa kumfundisha tangu utotoni, mwingine hakupata. Malezi hayo ni ufundi kamili wenye hatua zake, miiko yake na mabingwa wake, na matokeo yake hupimwa kwa jambo moja. Mbwa aliyelelewa vizuri hutoka akitumwa na hurudi akiitwa. Mbio, ukali na ujasiri mnyama huzaliwa navyo. Kurudi hufundishwa, na hapo ndipo ubingwa wa mlezi unapoonekana.

Kila nchi imejipatia mbwa wa kuwinda kulingana na ardhi yake. Grehaundi wa Uingereza na saluki wa Uarabuni ni mbwa wa uwanda. Huwinda kwa macho: humwona sungura au paa kwa mbali, humfuata kwa kasi na kumshika kabla hajafika mafichoni. Grehaundi aweza kupita kilomita 60 kwa saa, na mwili wake wote umeumbwa kwa ajili ya mbio hizo fupi. Basenji wa misitu ya Kongo ni wa namna nyingine. Habweki kama mbwa wengine, kwa hiyo wawindaji wa Ituri humfunga shingoni kengele ya mti ili wajue alipo. Mbwa wa Tanga yuko karibu zaidi na huyu wa pili. Kutoka Mkinga, mpakani na Kenya, hadi kusini mwa Pangani, nchi ni ya vichaka, mashamba ya minazi na mihogo, mikoko, na mabonde ya mito Umba, Zigi na Pangani. Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ulienea kwa mashamba makubwa, na pale ulipoachwa ukarudi pori, wanyama walipata maficho ya miiba. Humo jicho halifiki mbali. Mbwa wa huko huongozwa na pua na masikio, na mwenye mbwa humfuata kwa kusikia sauti yake.

Historia ya Usambara yenyewe inaanza na mwindaji na mbwa wake. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kilichochapwa kwanza na wamisionari wa Magila karibu na Muheza na kutolewa upya mwaka 1962, kinasimulia habari za Mbega wa Nguu. Mbega aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, yaani mtoto wa mkosi, akanyimwa urithi na jamaa zake. Akahamia Kilindi, na huko mtoto wa mkubwa wa mji akauawa na nguruwe katika msako aliokwenda naye. Mbega akakimbia kuelekea milimani pamoja na wenziwe na kundi la mbwa lililoongozwa na mbwa mkubwa aitwaye Chamfumu. Washambaa walikuwa wakiteswa na nguruwe katika mashamba yao. Mbega aliwaua nguruwe hao, akagawa nyama, akapokea chakula cha shamba kwa malipo, na mwisho watu wakamweka kuwa mtawala wao huko Vugha. Ukoo wake uliendelea kutawala Usambara hadi karne ya 20. Katika masimulizi hayo mbwa hawako pembeni. Kundi linalomfuata kiongozi mmoja, naye kiongozi huyo anamfuata mwenye mbwa, ndilo lililompa mgeni asiye na ardhi kitu cha kuwafaa wenyeji.

Pwani ni nchi ya Waislamu, na watu wasioijua hudhani kwamba Uislamu na mbwa havikai pamoja. Sheria ya dini imelipambanua jambo hili kwa uangalifu. Mate ya mbwa ni najisi nzito katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mara moja kwa udongo. Hata hivyo, kufuga mbwa kwa ajili ya kuwinda, mifugo au shamba kumeruhusiwa, na aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inahalalisha mnyama aliyekamatwa na mbwa aliyefunzwa. Mafakihi wakaeleza ni yupi aliyefunzwa: akitumwa huenda, akizuiwa huzuilika, akishika hali, na mambo hayo yamejirudia mpaka ikaaminika kuwa ameyajua. Jina la Mwenyezi Mungu hutajwa anapoachiwa. Masharti hayo ni kipimo kilekile cha mlezi wa kijijini. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za wasasi mbwa ana banda lake nje, bakuli lake na mahali pake pa kunywea maji, na mtoto wa nyumba hufundishwa mapema mipaka hiyo bila kufundishwa kumchukia mnyama.

Kazi huanza kabla mtoto wa mbwa hajazaliwa, kwa kumtazama mama. Mlezi mwenye akili huuliza jike limefanya kazi gani, limekaaje na kuku na mbuzi wa nyumbani, na kama husikia likiitwa. Mimba ya mbwa huchukua takribani siku 63. Watoto huzaliwa vipofu na viziwi. Macho hufunguka baada ya siku 10 hadi 14, na masikio yanafuata. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 akili yao hupokea kila kitu. Harufu, sauti na viumbe wanavyovizoea wakati huo hawaviogopi tena maishani, na wasivyokutana navyo wakati huo huwatisha ukubwani. Kwa sababu hiyo watoto wa mbwa msasi hawafungiwi nyuma ya nyumba. Huachwa wasikie kinu kikitwangwa, watoto wakicheza, pikipiki ikipita, na wanuse mbuzi na binadamu wa kila umri.

Mtoto huchukuliwa kwa mama yake akiwa na wiki 7 au 8. Kumnyang'anya mapema ni kosa, kwa kuwa katika wiki hizo za mwisho mama na ndugu humfundisha kuzuia meno yake: akiuma kwa nguvu, mchezo hukatika. Katika kuchagua, hatazamwi aliye mnene kupita wote wala mwenye kelele. Hutafutwa mwenye miguu iliyonyooka, vidole vilivyofumbata, kifua chenye nafasi, fizi za rangi ya waridi na macho yasiyo na utando. Kisha hujaribiwa moyo. Sufuria huangushwa nyuma ya watoto. Mmoja atakimbia asirudi, mwingine hatageuka, na mmoja atashtuka, atasimama, halafu atakuja kunusa kilichoanguka. Huyo wa tatu ndiye anayefaa. Woga wake unamwokoa na meno ya nguruwe, na udadisi wake unampeleka kazini.

Miezi ya kwanza ni ya afya na chakula. Minyoo huwaua watoto wa mbwa wengi kuliko chui, hivyo dawa yake hutolewa tangu wiki ya 2 na kurudiwa mara kwa mara mpaka miezi 3. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Katika wilaya nyingi hutolewa hadharani karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mbwa msasi anaihitaji kuliko mbwa mwingine kwa kuwa hukutana na bweha na nguchiro porini, na anarudi kulala penye watoto. Chanjo hiyo pamoja na ile ya ugonjwa wa distempa huwalinda pia wanyama wa mwitu. Mkomazi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008, imekuwa na mradi wa kuzalisha mbwa mwitu, na mbwa wa vijiji vya jirani walichanjwa ili maradhi ya nyumbani yasivuke mpaka.

Adui mwingine wa pwani ni mbung'o. Mbwa aliyeambukizwa ugonjwa wake, nagana, hupata homa, hukonda, na macho hufunikwa na ukungu mweupe. Asipotibiwa mapema hufa. Tanga inamjua mdudu huyu vizuri, kwa kuwa kituo chake cha utafiti kilizalisha mbung'o dume waliofanywa tasa na kuachiliwa Unguja katika miaka ya 1990, mpaka kisiwa kikasafishika. Bara bado wapo. Mlezi hutazama macho ya mbwa wake kila asubuhi, humkagua kupe masikioni na katikati ya vidole, na haendi naye kwenye vichaka vya mbung'o bila sababu.

Chakula cha mbwa wa kijiji ni ugali, na ugali peke yake haujengi misuli. Huchanganywa na dagaa, vichwa vya samaki, matumbo na mifupa mibichi. Mahindi yaliyoota ukungu hayapikiwi mbwa, kwa sababu sumukuvu huharibu ini lake kama linavyoharibika la mtu. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hutupwa mbali, maana huvunjika vipande vikali. Mtoto hula mara 3 au 4 kwa siku, kisha mara 2. Mkubwa hula jioni, baada ya kazi. Mbwa aliyeshiba huenda pori kwa ajili ya kutembea tu, na mbwa mwenye njaa hula anachokishika; ufundi ni kumweka katikati.

Mafunzo ya kwanza ni jina na mluzi. Jina huwa fupi, la silabi 2, kama Simba au Popi, ili lisikike kichakani bila kuchanganyika na maneno mengine. Kila chakula hutanguliwa na jina na mluzi uleule, usiobadilika. Baada ya wiki chache mtoto hukimbilia mluzi hata akiwa anacheza. Sheria ya hatua hii ni moja, na wanaoivunja huharibu mbwa kwa maisha yote: mbwa aliyeitwa akaja hapigwi, hata kama alichofanya kabla ya kuja ni kibaya. Mbwa hujua kilichompata alipofika kwa bwana wake; hajui habari ya kuku aliyemla saa moja iliyopita. Akipigwa, atakumbuka kuwa kurudi kuna maumivu, na siku atakapohitajika kurudi atabaki mbali akitazama.

Kuku na mbuzi ndio mtihani wa pili. Mtoto hufungwa kamba karibu nao wakila, na kila anapowakodolea macho husikia neno moja, «acha», lisilopigiwa kelele. Akigeuza uso hupewa kitu kinywani. Neno hilo hufundishwa kabla ya neno lolote la kutuma. Wapo walezi wanaoanza na «shika» kwa sababu inapendeza kumwona mtoto akirukia ngozi, lakini breki isiyofundishwa mapema haishiki baadaye. Mbwa anayejua kuacha anaweza kufundishwa kushika kwa siku chache. Mbwa aliyeanza kwa kushika hufundishwa kuacha kwa mwaka mzima, na wengine hawajifunzi kamwe.

Kuanzia mwezi wa 3 au wa 4 huanza kazi ya pua. Kipande cha ngozi ya panya buku au ndezi huburutwa juu ya majani kwa hatua chache na kufichwa. Hufanywa alfajiri, umande ukiwa bado chini, kwa kuwa unyevu hushika harufu na jua la saa nne huipeperusha. Njia hurefushwa kidogo kidogo, kisha hukunjwa kona, kisha hukatizwa na njia ya mbuzi au mkondo wa maji. Mlezi hasemi neno mbwa anaponusa. Akimsaidia kila anapopotea, atamzoeza kutazama mkono badala ya ardhi. Upepo nao hufundishwa: wakati wa kusi na wakati wa kaskazi mbwa huingizwa kichakani kutoka upande ambao upepo unamletea harufu, mpaka anajifunza mwenyewe kuzunguka kabla ya kuingia.

Mwili hausukumwi. Mifupa ya mbwa wa kimo hiki haijakomaa kabla ya mwaka mmoja, na mtoto anayekimbizwa nyuma ya baiskeli akiwa na miezi 5 atachechemea akiwa na miaka 3. Hata wafugaji wa grehaundi, ambao biashara yao yote ni mbio, huwaacha watoto wakue wakicheza uwanjani kabla ya mazoezi ya kweli. Mbwa wa Tanga hutembezwa tu: penye matope ya mikoko, penye maji ya kina kidogo, penye miiba ya mkonge ambayo ncha zake zinaweza kumtoboa jicho. Humo anajifunza kupita katikati ya mistari ya mkonge bila kuigusa, jambo ambalo hakuna mtu anayeweza kumfundisha kwa maneno.

Akikaribia mwaka, huungwa na mbwa mzee mmoja. Hawaungwi watoto wawili pamoja, kwa kuwa watafundishana mchezo. Wanyama wa kwanza ni panya buku na ndezi, ambao ni waharibifu wa mihogo na miwa na hawana silaha ya kumvunja moyo. Kwa mzee huyo mtoto hujifunza mambo mawili makubwa. La kwanza ni kunyamaza mpaka harufu iwe mpya, maana anayebweka ovyo huwapoteza wenzake. La pili ni sauti. Mbwa mwenye uzoefu hubweka namna moja anapofuata nyayo, namna nyingine mnyama anapokurupuka, na namna ya tatu anapokuwa amemsimamisha. Msasi aliye umbali wa nusu kilomita huisoma sauti hiyo bila kuona jani likitikisika. Wengine huongeza njuga shingoni, na njuga inapokoma kulia ghafla ni habari pia.

Nguruwe pori huja mwisho, si kabla ya mbwa kutimiza mwaka mmoja na nusu. Ni mnyama wa usiku, hutembea kwa makundi, hufukua mihogo na kuangusha mahindi yakiwa machanga, na familia moja inaweza kupoteza chakula cha msimu kwa usiku mmoja. Chonge zake hukata kama wembe. Mbwa anayemrukia shingoni hufa mapema, naye mlezi aliyemsifia kwa ukali huo ndiye aliyemuua. Anachofundishwa ni kuzunguka, kubweka, kuruka nyuma nguruwe anapogeuka, na kumzuia mahali pamoja mpaka watu wafike. Jeraha likitokea, huoshwa kwa maji safi ya chumvi papo hapo, na la ndani hupelekwa kwa daktari wa mifugo. Mbwa aliyejeruhiwa harudishwi pori mpaka apone kabisa, hata msimu ukiisha. Baada ya msako kila mbwa hupata fungu lake kutoka mkononi mwa mwenyewe, naye mgeni hapewi nafasi ya kumlisha, ili mbwa ajue kazi na malipo vinatoka mahali pamoja.

Ufundi huu umefungwa na sheria ya nchi, na hiyo ni haki. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na kutumia mbwa kuwindia bila idhini ni kosa. Misitu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, si mahali pa kupitisha mbwa. Funo na paa wa vichaka vya pwani hawana uwezo wa kustahimili makundi ya mbwa yanayoachiwa ovyo. Mlezi wa leo hufanya kazi yake mashambani: kulinda mihogo na mahindi dhidi ya nguruwe, nyani na tumbili, kwa kushirikiana na ofisa wanyamapori wa wilaya pale inapobidi mnyama auawe. Unguja nako wasasi wamekuwa na vikundi vyao vinavyotoka na mbwa na nyavu kuwasaka nguruwe pori na kima wanaowaharibia wakulima. Mbwa wa kazi hiyo anahitaji kuzuilika kuliko yule wa zamani, kwa sababu anaweza kukutana na nguruwe na funo katika kichaka kimoja, naye ameruhusiwa kumfuata mmoja tu. Anayeweza kuitwa mara moja akaacha nyayo za funo ndiye anayekubalika kwa dini, kwa sheria na kwa jirani mwenye mbuzi. Ufundi wa zamani haukupitwa na wakati. Kipimo chake cha kwanza ndicho kinachotakiwa zaidi sasa.

Mbwa msasi hufanya kazi vizuri mpaka miaka 8 hivi. Baadaye meno hulegea na masikio hupungua, lakini pua hubaki. Walezi wazuri hawamwachi wakati huo. Humlisha chakula laini, humpunguzia njia, na kumtembeza pamoja na mtoto mpya katika vichaka vya karibu. Mtoto humtazama mzee akinusa, akinyamaza, akibweka kwa wakati wake, na akigeuka mara tu mluzi unapolia. Kumtunza mzee ni shukrani, na ni sehemu ya ufundi pia, maana mwenye mbwa mzee mwema huwa na nusu ya mafunzo ya kila mtoto imekwisha kufanyika.